Dele Kwanza, Mengine Baadaye

Kijana atakaye kuuza kahawa chungu mitaani Mombasa au Lamu, na mtaji wake ni mdogo, hujiuliza: fedha nizitie wapi? Jawabu ni moja: kwenye dele.

Mengine yana njia. Vikombe sita vyatosha kuanzia, maana mnywaji hupiga mafundo machache tu, kikombe kikaoshwa kwa maji safi akapewa mwenziwe. Kinu cha kutwangia buni na tangawizi utaazima kwa mama. Kashata zitapikwa papo hapo nyumbani.

Lakini dele halina badala. Ndilo lililobeba makaa yake chini, likaiweka kahawa moto tangu alasiri hata baada ya isha. Jipya likikushinda, tafuta kuukuu, ila usilipe kabla hujalijaribu. Litie maji, uliweke juu ya mchanga mkavu, ungoje. Mchanga ukirowa, lina tundu.

Kisha chungulia ndani. Dele la shaba sharti liwe limetiwa bati. Bati likilika, shaba huingia kwenye kinywaji, nayo hudhuru mwili. Mpelekee fundi kwanza alitie bati upya, hata kama biashara itangoja wiki nzima.

Watu wa barazani hawasahau. Wakionja shaba leo, kesho watasikia vikombe vyako vikilia njiani, wala hapana atakayekuita. Wakiridhika, hicho kikombe cha saba watakununulia wao wenyewe, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.