Mboga Zisizopandwa za Iguguno

Msafiri atokaye Singida mjini kwa barabara ya Nzega, apitapo Iguguno mwezi wa Septemba, wakati upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi na mifugo ikitafuta majani pasipo na majani, huziona nyumba zilizozungushiwa minyaa, mwembe au mwarobaini wa kivuli, na uwanja uliofagiwa ukabaki mtupu. Naye, hasa ikiwa amekwisha kuviona vihamba vya Wachagga, ambamo migomba, kahawa na miti mirefu husimama tabaka juu ya tabaka, hukata hukumu ya haraka kwamba watu wa hapa hawana bustani. Hukumu hiyo si ya haki.

Iguguno, katika wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao aghalabu huanza Novemba au Desemba ukaisha Aprili, na bustani yake huishi kwa kadiri ya msimu huo. Mvua za kwanza zikinyesha, ardhi ya karibu na nyumba, iliyorutubishwa na samadi ya zizi, huchipua mgagani, mchicha mwitu na mlenda hata kabla mtama na alizeti havijafika magotini. Hapo ndipo ilipo elimu ninayotaka kuisifu, maana mama ashikaye jembe kupalilia hang'oi kila kisichopandwa, bali hubagua: mmea huu ataung'oa, ule atauacha mpaka uchumwe, na ulio bora kuliko yote atauacha umwage mbegu zake chini kwa ajili ya mwaka ujao. Kazi hii haimo katika hesabu za kilimo, nayo ni kilimo hasa.

Wala kilichoachwa hakiliwi chote kibichi. Majani ya mlenda na ya kunde huanikwa, yakikauka hutwangwa, yakatiwa chunguni au katika kibuyu kilichozaliwa papo hapo uani. Na katika miezi ile ambayo msafiri wetu huona uwanja mtupu, mboga imo ndani ya nyumba, ikingoja maji ya moto, magadi kidogo na karanga zilizotwangwa, iliwe kwa ugali wa mtama au wa uwele. Mgagani, kwa sababu ya uchungu wake, huchemshwa ukaungwa kwa maziwa, nao una madini ya chuma na vitamini A, neema kubwa kwa mama mjamzito. Kunde huliwa majani, huliwa maganda mabichi, huliwa punje, na mabua yake ni haki ya mbuzi. Hata minyaa, ambayo utomvu wake ni hatari kwa macho, huizuia mifugo isivamie, na majani ya mwarobaini huchanganywa na nafaka ghalani ili fukusi wakimbie.

Lakini liko jambo linitialo hofu. Dawa za kuua magugu zinazouzwa siku hizi kwa mashamba ya mahindi na mtama, nyingi huangamiza mimea yenye majani mapana zikaisaza ya jamii ya nyasi. Na mgagani, mlenda, mchicha na kunde ni za majani mapana zote. Simlaumu mwenye shamba, kwa kuwa palizi ni kazi nzito na nguvu za mwanadamu zina kikomo. Walakini mboga ya kiangazi huteketea pamoja na magugu, na mbegu zisipoanguka miaka kadhaa mfululizo, akiba iliyomo udongoni humalizika. Kituo cha Mboga cha Dunia, kupitia tawi lake lililoko Arusha, kimekusanya na kuhifadhi mbegu za mgagani na za mboga nyingine za asili ya Afrika, nayo ni kazi ya kushukuriwa. Ila Arusha ni mbali na jiko la Iguguno. Kwa hiyo ningependa afisa ugani, kabla ya kumshauri mkulima juu ya dawa, aanze kwa wanawake wa nyumba ile, awaulize huchuma nini na wapi, na kipande kilicho karibu na zizi kiachiwe jembe.