Mwalimu na Akili ya Kufanyizwa



Walimu wa shule zetu, na makatekista vilevile, wanatuuliza mara kwa mara: « Padri, hii mashini inayojibu kila swali, tuitumie darasani ao tuikatae? » Swali hili si la mchezo. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na Maeklezia, mapadri wengi wa nchi yetu wana madaraka juu ya shule. Neno linaloingia darasani linatuhusu basi, hata kama sisi wenyewe hatushiki chaki. Kwa hiyo tunapenda kulieleza polepole: kwanza, mashini hii ni kitu gani, pili, inaweza kumsaidia mwalimu katika nini, tatu, hatari yake iko wapi, mwisho, namna gani tuwasaidie walimu wetu.

I. Mashini hii ni kitu gani?

Wengine wanaiita akili bandia, wengine akili mnemba; vijana wa mjini wanasema tu « IA ». Sisi tutasema akili ya kufanyizwa, maana imefanyizwa na watu. Ilianza kujulikana kila mahali kisha tarehe 30 Novemba 2022, siku ile ChatGPT ilipotolewa kule Marekani. Baadaye zilitokea nyingine nyingi za namna ileile. Mtu anaandika swali katika telefone yake, na mara moja anapata jibu lililopangwa vizuri.

Inafanya namna gani? Tuchukue mfano. Tukisema mbele ya watoto: « Jua linachomoza asubuhi, linakuchwa... », wote watamaliza: « jioni! » Hawakufikiri sana, wamekwisha kusikia maneno hayo mara nyingi. Mashini inafanya kazi iliyo karibu na ile. Wenye kuifanyiza waliilisha maandiko mengi kupita yale mtu anayoweza kusoma katika maisha elfu. Katika maandiko hayo ilijifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza, inatafuta neno linalofaa kufuata, kisha jingine, mpaka jibu limekwisha.

Tushike jambo hilo vizuri, kwani mengine yote yanatoka humo. Mashini haijui kama mtu anavyojua. Haikuona ziwa, haikulima shamba, haikuzika mzazi. Inakisia maneno, na mara nyingi inakisia vizuri sana. Lakini ikikosa, inakosa kwa sauti ileile ya hakika.

II. Inamsaidia mwalimu katika nini?

Tusiwe watu wa kukataa kitu kwa sababu ni kipya tu. Tangu mwaka 2019, Serikali ilipoanza kutimiza neno la masomo ya bure katika shule za msingi za Serikali, na zetu ndani yake, watoto waliongezeka sana darasani. Mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini na zaidi, vitabu vichache, na jioni taa inazimika: nani atamlaumu akitafuta msaada?

Tulikaa siku moja na walimu wa shule ya parokia kando ya ziwa Tanganyika. Mwalimu mmoja wa darasa la tano aliandika katika telefone: « Nipe maswali kumi ya kugawanya. » Mashini ilileta maswali ya matofaa, ya treni na ya pesa za Ulaya. Walimu walicheka. Tukamwambia aandike tena hivi: « Mimi ni mwalimu wa darasa la tano huko Kongo, kando ya ziwa. Nina watoto 62, ubao na chaki tu. Watoto hawajajifunza bado hesabu zenye alama ya mkato. Nipe maswali kumi ya kugawanya yanayotoka sokoni: samaki, unga, mawese, na bei katika franka. Andika majibu yake pembeni. »

Safari hii yalikuja maswali ya kwetu. Somo ni hili: anayeuliza ovyo atajibiwa ovyo. Mwalimu aseme yeye ni nani, watoto wake ni wa miaka gani, wanajua nini, hawajui nini, ana vyombo gani, anataka nini. Lakini angaliwezaje kusema hayo yote kama hawajui watoto wake? Kumbe mashini inamfaa zaidi mwalimu yule aliyekwisha kutayarisha somo kichwani mwake.

Kwa njia hiyo anaweza kuomba mambo mengi: mifano mingine kwa watoto wasioelewa ule wa kwanza, maswali ya marudio, hadithi fupi ya kusoma, maelezo mepesi ya neno gumu la kifaransa, ao mpango wa masomo ya juma zima. Hahitaji ordinateri kwa kila mtoto. Telefone moja, nyumbani kwa mwalimu, jioni. Kesho yake, ubao na chaki kama siku zote.

III. Hatari zake

Kwanza, uongo usiokusudiwa. Katika maswali yale kumi, moja lilisema: mfuko wa unga wa kilo 25 unagawanywa katika makopo ya kilo 2, makopo mangapi yatajaa, na kilo ngapi zitabaki? Mashini ilijibu: makopo 12, zinabaki kilo 2. Mtoto yeyote atakuambia inabaki kilo moja. Mwalimu yule aliona kosa kwa sababu alifanya hesabu mwenyewe kwa kalamu.

Mwenzake hakuwa na bahati ile. Yeye alikuwa ameomba maisha ya Mwenye Heri Anuarite kwa somo la dini. Mashini ilimwandikia kurasa mbili nzuri, lakini ikasema alikufa Bukavu mwaka 1961. Watoto walinakili hayo yote katika kaye zao. Siku ya pili bibi mmoja mzee, mama wa katekista, alisoma kaye ya mjukuu wake akashangaa. Anuarite aliuawa Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mwalimu alirudi darasani, akawaambia watoto wafute. Aliona haya sana, lakini alifanya vema. Tena watoto hawatasahau tarehe ile kamwe.

Tena, maandiko mashini iliyolishwa yana mwisho wake. Mashini iliyofanyizwa mwaka 2024 haikujifunza kwamba Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa, alitangazwa Mwenye Heri Roma tarehe 15 Juni 2025.

Pili, lugha. Maandiko ya kiswahili ni machache sana mbele ya yale ya kiingereza, na mengi ya hayo yanatoka Tanzania na Kenya. Ndiyo sababu mashini inasema maneno ambayo watoto wetu hawayasikii nyumbani, na makosa yake katika kiswahili ni mengi kuliko katika lugha za Ulaya. Mwalimu asinakili ubaoni kabla ya kugeuza maneno hayo katika lugha ya watoto wake.

Tatu, siri za watu. Yanayoandikwa humo yanakwenda mbali, katika vyombo vya watu tusiowajua. Mwalimu asiandike kamwe jina la mtoto, ugonjwa wake, mambo ya wazazi wake. Kwetu sisi mapadri, kuna mambo yasiyoandikwa hata bila jina. Hakuna haja ya kuyataja.

Nne, uvivu wa akili, nao ndio hatari kubwa. Mwanafunzi anayepewa jibu bila kutafuta ni kama mtu anayebebwa kila siku: miguu yake inalegea. Shirika la UNESCO, katika maongozi yake ya Septemba 2023, lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 13 asitumie mashini hizi darasani. Kwa hiyo katika shule za msingi telefone ikae mkononi mwa mwalimu.

Lakini tusinyoshe kidole kwa watoto tu. Sisi wenyewe tuungame. Jumamosi moja usiku, tukiwa tumechoka kwa safari ya vituoni, tuliomba mashini itupatie mahubiri ya kesho. Yalikuwa mazuri, yamepangwa kwa sehemu tatu. Tuliyasoma. Watu walisikiliza kwa adabu, wakaenda nyumbani, wala hakuna aliyetuuliza neno. Juma lile mto ulikuwa umebeba mashamba ya watu wa kituo kile, na mahubiri yetu hayakutaja mto. Mashini haikujua. Sisi tulijua, na tulinyamaza. Ndugu wafrateri, mnaotayarisha masomo yenu ya filosofia na teolojia, mfikiri habari hii.

Tano, haki. Mashini inaonekana kama roho isiyo na mwili, kumbe ina mwili. Kobalti ya betri za telefone nyingi inachimbwa kwetu, upande wa Kolwezi. Katika Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba huko Nairobi watu walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kusoma na kuchagua maandiko machafu, ili mashini ijifunze kuyaepuka. Atumiaye chombo ajue kimetoka katika jasho la nani.

IV. Namna gani tuwasaidie walimu?

Eklezia haikunyamaza. Tarehe 28 Januari 2025 idara mbili za Roma, ile ya Mafundisho ya Imani na ile ya Utamaduni na Malezi, zilitoa hati iitwayo « Antiqua et Nova ». Yatufundisha kwamba akili ya mtu na kazi ya mashini si kitu kimoja, na kwamba mwalimu aliye hai mbele ya mwanafunzi hana badala yake. Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili kisha kuchaguliwa, tarehe 10 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyetetea wafanyakazi mwaka 1891, maana leo akili ya kufanyizwa inaleta swali jipya juu ya heshima ya mtu na ya kazi yake.

Basi, katika parokia zetu tufanye hivi.

1. Direkta akusanye walimu mara moja kwa mwezi. Telefone moja inatosha, na mega zinunuliwe kwa mfuko wa wote. Wajifunze pamoja, wazee na vijana. Kijana anajua kutumia chombo. Mzee anajua watoto. Kila mmoja amfundishe mwenzake.

2. Kila jibu lipimwe mara tatu kabla ya kufika ubaoni: kwa kitabu cha programu, kwa kalamu yako, na kwa mwenzako. Lisilopimwa lisifundishwe.

3. Kosa la mashini ligeuzwe kuwa somo. Katika madarasa makubwa, mwalimu aandike ubaoni jibu lenye kosa na kuuliza: « Nani ataona kosa? » Hapo watoto wanajifunza kuhukumu, wala si kumeza.

4. Mwanafunzi akileta kazi nzuri mno, asipigwe wala asifukuzwe kwa mashaka tu. Mashini zinazodai kutambua maandiko ya mashini zinadanganya pia. Wenye ChatGPT wenyewe waliondoa ya kwao katika Julai 2023, kwa sababu haikuaminika. Mwalimu amwite mtoto, amwambie: « Nieleze ulichoandika. » Akieleza, kazi ni yake. Asipoeleza, aanze tena mbele yako.

Mwishoni mwa mkutano ule kando ya ziwa, mwalimu mzee aliyekuwa amenyamaza siku nzima alisimama. Amefundisha miaka ishirini na minane. Alisema: « Baba Padri, ninaogopa wazazi watasema sasa mwalimu hana kazi. » Tulimuuliza namna gani alijua, mwaka uliopita, kwamba mmoja wa watoto wake haoni ubao vizuri. Akajibu: « Alikuwa anakunja uso, nami nikamhamisha mbele. » Wenzake wakapiga makofi. Hakuna mashini iliyomwambia neno lile, wala mtoto asingaliiambia.

Ndugu makatekista na walimu, chombo hiki kikae mahali pake, kama chaki na kitabu. Kiwapunguzie kazi ya usiku ili asubuhi mpate nguvu ya kutazama nyuso za watoto. Maria, Kiti cha Hekima, atuombee.