Wazima moto wa Kilimanjaro: Jeshi lisilo na kamera

WATAZAMAJI wa televisheni nchini Marekani wamezoea kuwaona wazima moto wakiwa kazini. Mwaka 2021 Discovery ilionyesha mfululizo uitwao Cal Fire, uliowafuata wazima moto wa jimbo la California wakipambana na moto wa misitu. Mwaka 2023 NBC nayo ikaja na LA Fire & Rescue, kuhusu vituo vya zimamoto vya Kaunti ya Los Angeles. Katika vipindi vya aina hiyo hakuna mwigizaji. King'ora ni cha kweli, moshi ni wa kweli na uchovu pia.

Hata hivyo, kamera huonyesha sehemu ndogo tu ya kazi. Mtazamaji humwona aliyeshika mpira wa maji. Ni nadra kumwona anayepika, anayebeba maji ya kunywa, anayekesha kwenye redio, au mkulima ambaye mavuno yake yanategemea moto huo uzimwe leo.

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, watu hao wa nyuma ya pazia ndio jeshi lenyewe.

Moto wa Whona

Jumapili ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka eneo la Whona, mahali wanapopumzika wageni wanaopanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lilieleza kuwa taarifa za awali zilionyesha chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Usiku, wakazi wa Moshi waliuona mstari mwekundu ukitambaa juu ya mji wao.

Watu wapatao 500 walipanda kwenda kuuzima. Walikuwemo askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, wadau wa utalii na wanavijiji. Kazi ilichukua zaidi ya wiki moja. Mwisho wa hesabu, TANAPA ilitangaza kuwa eneo lililoungua ni kilometa za mraba 95.5.

Mwaka huo tayari ulikuwa mbaya kwa biashara ya utalii. Kwa sababu ya ugonjwa wa corona, watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Wapagazi wengi walikuwa nyumbani bila kazi.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa takriban meta 4,000. Nao ukahitaji mamia ya watu.

Gari jekundu halifiki huko. Mzima moto hutembea kwa saa kadhaa akiwa na panga, fyekeo, jembe na tawi bichi la kupigia ndimi za moto. Wenye bahati hubeba bomba la mgongoni, mfano wa lile la kupulizia dawa ya kahawa. Hewa ni nyepesi, usiku ni baridi kali, na upepo hugeuka bila taarifa.

Ugumu mkubwa zaidi uko chini ya miguu. Katika ukanda wa juu ya msitu, udongo una mboji nyingi na mizizi iliyosongamana. Moto huingia humo ukafukuta bila mwali. Watu wakidhani wameumaliza, upepo wa mchana huufufua hatua chache nyuma yao. Ndiyo maana kazi kubwa ni kufyeka na kuchimba mkuza, yaani ukanda usio na kitu cha kuungua, kisha kuulinda usiku na mchana.

Kinachoungua ni maji

Wengi wanapozungumzia maji ya Kilimanjaro hutazama barafu ya kileleni. Wataalamu wanasema macho yanapaswa kushuka kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayotoka mlimani hutokana na ukanda wa msitu, siyo barafu. Miti jamii ya Erica, iliyo juu kabisa ya msitu huo, hunasa ukungu kwenye majani yake membamba na kuudondosha ardhini tone kwa tone. Tatizo ni kwamba miti hiyo hiyo hushika moto haraka sana wakati wa kiangazi.

Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye ameutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto umeusukuma mpaka wa juu wa msitu kuteremka. Mwaka 2016, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti iliyosema mlima umepoteza hekta 13,000 za msitu tangu mwaka 1976, hasa kwa sababu ya moto. Ripoti hiyo ililinganisha hasara hiyo na maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka mzima.

Fuata maji hayo yanavyoshuka. Kwanza huingia kwenye mifongo, mifereji ya asili ya Wachagga inayomwagilia migomba na kahawa katika vihamba. Hushuka hadi Moshi mjini, kisha kwenye mpunga wa Chekereni na Mabogini, katika mradi wa Lower Moshi. Mito mingine hulisha miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Yanayobaki huingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani, ambako mitambo ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani ina uwezo wa kuzalisha jumla ya megawati 97 za umeme.

Kwa hiyo, kijana anayepiga moto kwa tawi kule juu analinda shamba la mtu asiyemfahamu, kiwanda ambacho hakumwajiri, na taa ya nyumba ambayo hajawahi kuifika.

Nani anayelipa?

Hapa ndipo suala hili linapoingia kwenye vitabu vya hesabu. Mkulima mkubwa na kiwanda huomba kibali cha kutumia maji na hulipa ada kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Mgeni anayepanda mlima hulipa kiingilio. Askari wa hifadhi na wa zimamoto wana mshahara, ingawa ni mdogo ukilinganisha na hatari.

Mwanakijiji aliyeacha palizi yake kwa siku nne hana ankara ya kumpelekea mtu. Akirudi na viatu vilivyoungua soli, anavinunua mwenyewe. Mkewe, aliyebaki na ng'ombe wa ndani na watoto, naye amechangia zoezi hilo bila kuandikwa popote.

Kuzuia ni nafuu

Mioto mingi ya mlimani huanzia mikononi mwa watu: anayepika kambini, anayerina asali kwa mwenge, anayechoma shamba pembezoni mwa msitu. Dawa zake zinajulikana. Jiko la gesi kambini, mizinga ya kisasa kwa wafugaji wa nyuki, mikuza iliyosafishwa kabla ya Oktoba, na kikosi cha kijiji chenye buti, barakoa na bima.

Mawasiliano nayo yamekuwa rahisi. Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, meta 3,720 juu ya usawa wa bahari. Aliye mlimani na simu anaweza kutoa taarifa moto ukiwa bado wa kuzimwa na watu kumi, kabla haujahitaji mia tano.

Buti na bima za vikosi hivyo zinaweza kulipiwa na wanufaika wa maji wakiamua kuzihesabu kama gharama ya uzalishaji, sawa na mbolea au dizeli ya pampu. Mkulima wa mpunga anayengoja zamu yake ya maji kule Chekereni anaweza asiuone moshi wa mlimani. Lakini moto ukishinda huko juu, mfereji wake ndio utakaompa habari.