Vyombo vya Mfano na Msamiati wa Ubaharia: Mtepe wa Lamu

Kuunda vyombo vya mfano vyenye matanga ni uraibu wa watu wengi duniani. Mtu huketi na mbao nyembamba, uzi na gundi, akaunda kwa miezi au miaka merikebu itakayotosha juu ya meza yake. Wako wanaoihesabu kazi hii kuwa mchezo wa wastaafu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mchunguzi wa lugha ya pwani hana budi kuitazama kwa jicho jingine. Tutatumia chombo kimoja tu, yaani mtepe wa visiwa vya Lamu, kwa kuwa mtepe wenyewe ulikwisha kutoweka baharini, na wengi wanaoujua leo wameujua kwa njia ya mfano, kama ile iliyowekwa katika Makumbusho ya Lamu na katika Fort Jesus, Mombasa.

Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari ya chuma. Zilitobolewa kwa keekee kandokando, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha matundu yakazibwa maji yasipenye. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, tena si la nguo bali la mkeka uliosukwa kwa miyaa. Omo lake liliinuka kama shingo, na ncha yake yasimuliwa kuwa ilikuwa mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume. Ushonaji huu ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplus, chataja mashua za kushonwa katika pwani yetu. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mapema katika karne ya 16, alieleza vyombo vya namna hiyo, vyenye matanga ya mikeka, vya Pemba, Unguja na Mafia. Katika karne ya 20 mtepe ulikoma. James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941, na A. H. J. Prins akaurudia mjadala huo mwaka 1982.

Sasa tuangalie yanayompata mtu anayeketi kuunda mtepe wa mfano. Kamusi yaweza kumwambia kwamba foromali ni mti unaobeba tanga, ikaishia hapo, na msomaji akaridhika. Muundaji hawezi kuridhika. Lazima ajue mti huo una urefu gani, unafungwaje, na henza inauvuta kutoka wapi. Hapo ndipo agunduapo kwamba foromali ya jahazi huning'inia mshazari, kwa kuwa tanga lake ni la pembe tatu, ilhali ya mtepe ililala sawasawa kama mtambaapanya. Neno ni moja, lakini picha ni mbili, na wengi wetu tumekuwa tukifundisha picha moja.

Mfano ulio bora zaidi ni joshi na demani. Haya ni majina ya kamba za tanga, na papo hapo ni majina ya pande: upande wa joshi ndiko upepo utokako, na upande wa demani ndiko uendako. Darasani twaweza kusema kwamba jina la kamba limehamia upande, basi. Lakini mtu akiisha kufunga kamba hizo juu ya jahazi la mfano, ataona kwa nini hazikubadilishana majina. Katika tanga la pembe tatu pembe ya mbele hubaki ya mbele hata chombo kikigeuzwa. Katika tanga la pembe nne pembe mbili za chini ni sawa. Upepo ukihamia upande wa pili, pembe iliyovutwa mbele sasa yaachiwa nyuma. Je, baharia wa mtepe aliita kamba kwa mahali pake, au kwa kazi yake ya saa ile? Swali hili ni la semantiki kabisa, wala halizuki mpaka mtu awe na kamba mkononi.

Vivyo hivyo methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wanafunzi huikariri vizuri, nao hujua kwamba maana yake ni mtu kurudi alikotoka. Wachache wameiona ngama: lile tumbo la chombo, katikati, ambamo maji hukusanyika na kutekwa. Mwonyeshe mwanafunzi chombo cha mfano kisicho na sitaha, naye hatahitaji maelezo marefu.

Kuna na utaratibu wa kazi. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani humfundisha mwenye uraibu huu kusimamisha mbavu kwanza, kisha azivike mbao. Mtepe haukuundwa hivyo. Mbao zilishonwa kwanza kuanzia mkukuni kwenda juu, na mataruma yakatiwa baadaye. Anayefuata kitabu cha kigeni atapata umbo la mtepe kwa nje, lakini vitenzi vya kazi vitakuwa vimepinduka. Yafaa pia kukumbuka kipimo. Kwa kipimo cha 1:20, chombo cha meta 20 huwa meta 1. Ubao wa sentimita 4 huwa milimita 2. Na kamba ya milimita 10 huwa uzi wa nusu milimita. Mkeka hausukiki kwa udogo huo. Fundi hulazimika kutumia kitambaa kizito na kusingizia miyaa, naye afaa aandike mahali kwamba amefanya hivyo.

Ama kurekebisha mifano mikuukuu, huko kuna hatari iliyo sawa na ya mhariri wa mswada wa utenzi. Uzi umeoza, tanga limeraruka, foromali imevunjika. Mrekebishaji azoeaye majahazi akitia tanga la pembe tatu, atakuwa amefanya kama mhariri abadilishaye neno la Kiamu asilolijua kwa neno la Kiunguja analolijua. Chombo kitapendeza zaidi, na ushahidi utakuwa umekwenda. Ndiyo sababu wahifadhi hupendelea gundi ya ngozi, ambayo huachia kwa maji ya uvuguvugu, kuliko gundi za kisasa zisizobanduka. Na kila uzi mpya huandikwa katika daftari.

Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waundaji katika kisiwa cha Lamu, wangali wakichonga vyombo vya mfano, vingi vikiuzwa kwa wageni. Mtafiti aendaye huko na kinasa sauti afanye vyema kufika wakati mbao ziko wazi na mataruma hayajatiwa, akamwomba fundi ataje kila kipande akikigusa kwa kidole, na akapiga picha ya kidole hicho. Orodha ya maneno bila ya picha tunazo nyingi.