MATIBABU YA BURE: GHARAMA YAKE HULIPWA NA NANI?

Watu wa Matulo, na wenzao wa vijiji vyote vilivyo kati ya Bungoma na Kitale, wamekuwa na maneno mengi juu ya matibabu ya Serikali tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Siku hiyo mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, uliojulikana kwa herufi NHIF, ulikoma kufanya kazi, na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Wako wasemao kwamba waliahidiwa matibabu ya bure na sasa wanadaiwa fedha. Wako na wengine wasemao kwamba duniani hakuna cha bure, na asiyetaka kuchanga asilalamike akiugua. Kila upande una sehemu ya kweli, na kila upande umeacha sehemu kubwa ya hesabu. Yafaa hesabu hiyo ielezwe polepole, kwa kuwa jambo hili si la wataalamu peke yao. Lamgusa kila mwenye shamba la mahindi na kila mama atakayejifungua mwaka huu.

Kwanza ifahamike ya kwamba hospitali ina gharama hata siku ambayo haikuja mgonjwa hata mmoja. Muuguzi na mkunga wangojea mishahara yao. Jokofu la chanjo lataka umeme usiku na mchana. Gari la wagonjwa lataka mafuta. Gharama hizo hazitoweki kwa sababu mtu ameambiwa mlangoni, "Leo hulipi." Ama hulipwa na mtu mwingine, ama hazilipwi kabisa, na zisipolipwa mgonjwa huandikiwa dawa kwenye kipande cha karatasi akaitafute dukani kwa fedha zake. Hapo ndipo neno "bure" linapokuwa gumu kulielewa.

Nchi ya Kenya imekwisha kujaribu njia zote za kulipa: kodi, bima, na fedha mkononi mwa mgonjwa. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya kupata uhuru, Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 ambayo wagonjwa wasiolazwa walikuwa wakilipa katika hospitali zake. Mwaka uliofuata NHIF ikaanzishwa kwa ajili ya watu wa mshahara. Mambo yakaenda hivyo mpaka Hazina ilipozidiwa, na mwezi wa Desemba 1989 ada zikarudishwa kwa jina la kugawana gharama. Matokeo yake yalipimwa. Profesa Germano Mwabu na wenzake, katika uchunguzi wa wilaya moja uliochapishwa mwaka 1995, waliona kwamba watu waliofika katika vituo vya Serikali walipungua kwa kiasi cha nusu. Ada zilipositishwa mwaka 1990, katika miezi saba iliyofuata watu katika vituo vya afya waliongezeka kwa asilimia 41. Hatuwezi kuamini ya kwamba magonjwa nayo yalipungua nusu na kuongezeka tena kwa amri ya Serikali. Wagonjwa walikuwako; walibaki nyumbani.

Baada ya miezi ishirini hivi ada zilirudi tena. Mwaka 2004 zilipunguzwa, zikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa watu wote, ulioletwa na Waziri Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, kwa kuwa gharama yake ilionekana kuishinda nchi. Kwa hiyo ugomvi tunaousikia leo si mpya. Una miaka zaidi ya ishirini, na maneno yake ni karibu yaleyale.

Lakini kwa watu wa Bungoma mwaka wenye mafunzo zaidi ni 2013. Mwezi wa Juni mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali zote za umma, na ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa. Lilikuwa jambo jema, na akina mama waliitikia kwa wingi. Vitanda, hata hivyo, vilikuwa vilevile, na wakunga walewale. Mwezi wa Agosti, miezi miwili tu baada ya tangazo, mama mmoja alijifungua juu ya sakafu katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, akatukanwa na wauguzi, na habari zake zikaonekana na nchi nzima. Alipeleka mashtaka Mahakama Kuu ya Bungoma. Mnamo Machi 2018 mahakama ilihukumu kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mahakama haikusema kwamba uzazi wa bure ni kosa. Ilisema kwamba Serikali ya taifa na ya kaunti hazikutenga mali ya kutosha kulitimiza neno lililotangazwa. Wauguzi wale hawana udhuru kwa matusi yao. Ila kitanda ambacho hakikununuliwa hakikuwa kosa la muuguzi.

Sasa tueleze mpango wa leo. Sheria zake zilitiwa sahihi na Rais William Ruto mwezi wa Oktoba 2023. Mahakama Kuu ilizitangua tatu kati yake Julai 2024, ikisema wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo Septemba, ndipo SHA ikaanza. Chini yake mna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya. Huu hujazwa na kodi, na mgonjwa aliyeandikishwa hapaswi kulipa kitu hata kama hajachanga. Wa pili ni mfuko wa bima, na huu ndio unaojazwa na michango ya watu. Hulipia kulazwa, upasuaji, na uzazi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu, na hujazwa na Serikali.

Wengi wamechanganya mifuko hii, na machafuko hayo ndiyo yaliyoleta hasira nyingi. Mtu huambiwa matibabu ni ya bure, naye ni kweli ni ya bure akienda zahanati kwa homa ya malaria. Lakini mkewe akishikwa na uchungu, uzazi umo katika mfuko wa pili. Zamani, chini ya mpango ulioitwa Linda Mama, mama hakuchanga chochote. Chini ya SHA mchango wa mwaka lazima uwe umelipwa. Neno hilo lingetangazwa kwa sauti kubwa zaidi tangu mwanzo, pengine machozi mengi ya hospitalini yangeepukwa.

Mchango wenyewe ni shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara kabla ya makato, na hakuna atoaye chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 siku za NHIF. Sasa hukatwa 550. Mwenye 50,000 alikatwa 1,200, sasa 1,375. Mwenye 500,000 hakukatwa zaidi ya 1,700, na sasa hukatwa 13,750. Kwa haki ya matajiri na maskini mpango mpya ni bora kuliko wa zamani, na mwandishi haoni namna ya kulikana hilo.

Taabu imo kwa mtu asiye na mshahara, naye ndiye aliye wengi katika sehemu zetu. Huyu huulizwa maswali juu ya nyumba yake, mali yake na watu anaowalisha, kisha akadiriwa. Aliyekadiriwa chini kabisa hutoa shilingi 3,600 kwa mwaka kwa nyumba nzima, yaani kama shilingi 10 kwa siku. Chini ya NHIF mtu wa namna hii alitoa 500 kila mwezi, jumla 6,000. Kwa jumla ya mwaka, basi, amepunguziwa. Lakini zamani alilipa mwezi kwa mwezi, na sheria mpya yataka mwaka mzima mara moja.

Mkulima wa Matulo ataielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Mwezi wa Machi fedha zote zimekwenda katika mbegu na mbolea, na wengine wamekopa. Fedha huonekana baada ya mavuno, Novemba na Desemba, na Januari karo za shule zazichukua. Kumdai mtu huyu shilingi 3,600 mwezi wa Aprili ni kumdai maji wakati wa kiangazi. Mwaka 2025 Serikali ilileta mpango wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao mtu hulipiwa mwaka mzima naye akarudisha kidogokidogo. Wengine katika vyama vyao vya kuweka akiba hutenga shilingi 75 kwa juma. Katika majuma 48 deni limekwisha. Hata hivyo ingekuwa busara zaidi kama mwaka wa kulipa ungeanza baada ya mavuno.

Mwenye kazi ya mshahara asifikiri kwamba mambo haya ni ya wakulima tu. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilipofungwa mwaka 2009, watu waliokuwa wakikatwa michango bila kuifikiri waliamka siku moja wakiwa katika orodha ya wanaojilipia wenyewe.

Kwa nini basi Serikali isilipe yote kwa kodi? Tupige hesabu. Matibabu ya msingi yamekadiriwa kwa shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570; hao peke yao ni shilingi bilioni 1.5. Kenya nzima ilikuwa na watu milioni 47.5, nayo ni karibu shilingi bilioni 43. Katika makadirio ya mwaka wa fedha wa 2025/26 mfuko wa kwanza ulitengewa bilioni 13.1. Ni kweli si kila mtu huugua, tena wengine huenda kwa madaktari wao. Lakini tofauti ya bilioni 13 na 43 haizibwi kwa maelezo hayo. Mtu anayekosa dawa zahanati amekutana na tofauti hiyo.

Na hayo ni magonjwa madogo. Mtu ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Kwa orodha ya malipo iliyotangazwa mwaka 2024, kila mara ni shilingi 10,650. Kwa mwaka mmoja hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mgonjwa mmoja, yaani michango ya nyumba 308 zinazolipa 3,600. Kama wanaochanga ni wale tu waliokwisha kuugua, mfuko hauwezi kudumu. Mwaka 2025 walioandikishwa walipita milioni 20, lakini miongoni mwa watu wasio na mshahara waliokwisha kulipa walikuwa wachache mno. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Serikali ilisema itawalipia maskini kiasi cha milioni 2.2.

Hata Uingereza, iliyo tajiri, ilijikwaa hapa. Matibabu ya wote yalianza huko tarehe 5 Julai 1948 kwa juhudi za Waziri Aneurin Bevan, na mara moja watu walimiminika kutaka miwani na meno ya bandia kupita makadirio yote. Mwaka 1951 serikali yake iliweka malipo kwa vitu hivyo, na Bevan akajiuzulu kwa hasira. Mwaka 1952 shilingi moja iliwekwa juu ya karatasi ya dawa. Lakini mpango haukuvunjwa, na kuonana na daktari huko kumebaki bila malipo hadi leo.

Wanaopinga mpango wetu wana hoja nyingine isiyofaa kupuuzwa, nayo ni uaminifu. NHIF iliacha madeni ambayo hospitali zilidai yapita shilingi bilioni 30. Machi 2025 iliamuliwa kwamba hospitali zinazodai chini ya shilingi milioni 10 zilipwe, na madai makubwa yakaguliwe kwanza. Hospitali za misheni kama za Lugulu na Misikhu hazina Hazina nyuma yake. Bima isipolipa, hutafuta mishahara ya wauguzi kwingine au huwaomba wagonjwa fedha taslimu. Tena mwezi huohuo taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilionyesha kwamba mitambo ya hesabu ya SHA, ya shilingi bilioni 104.8, ilinunuliwa bila kufuata taratibu na wala si mali ya Serikali. Ni vigumu kumwambia mwenye shilingi 10 kwa siku achange kwa moyo wakati maswali ya bilioni hizo hayajajibiwa. Wanaotaka watu wachange wangeanza na majibu hayo kabla ya kuanza na vitisho.

Kwa wale ambao bado hawajajiandikisha: kujiandikisha hakuna malipo, na si sawa na kuchanga. Hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada wa wahamasishaji wa afya wa kijiji. Mume na mke na watoto wote waandikwe, kila mtoto kwa hati yake ya kuzaliwa, kwa sababu asiyeandikwa hatambuliwi na mitambo hata kama baba yake amelipa. Aliyeandikishwa, hata kama hajatoa mchango, ana haki ya kutibiwa zahanati na kituo cha afya bila kutozwa. Akitozwa, adai stakabadhi yenye tarehe na kiasi, na aipeleke kwa ofisi ya afya ya kaunti. Na nyumba inayotazamia mtoto isingoje mwezi wa tisa kulipa mchango.