Sokwe akionyesha meno, si lazima awe anacheka

Mji wa Bumala uko kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia, na wanafunzi wa eneo hilo wanaotaka kuwatazama wanyama wana njia mbili. Wanaweza kwenda Hifadhi ya Impala mjini Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, au kuvuka mpaka hadi bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1952 kama makao ya wanyama mayatima. Kokote waendako, hakukosekani mmoja wa kupaza sauti mbele ya kizimba: "Tazameni, anacheka!"

Mara nyingi hacheki. Sokwe anayevuta midomo nyuma na kukenua meno ya juu na ya chini, taya zikiwa zimefungwa, kwa kawaida ameshikwa na hofu, au anamnyenyekea aliyemzidi cheo. Kicheko chake ni kingine: kinywa huwa wazi, taya imelegea na mdomo wa juu hufunika meno, huku akihemahema. Sura hiyo huonekana zaidi sokwe wachanga wanapotekenyana na kubingirishana.

Mtaalamu wa Uholanzi, Jan van Hooff, alizitenganisha sura hizo katika andiko lake la mwaka 1972, akidokeza kuwa tabasamu la binadamu lina asili moja na ile ya kwanza, na kicheko chetu na ile ya pili. Pengine ndiyo sababu mtu hutabasamu hata anapoitwa na mkubwa wake kazini bila kujua kosa lake.

Nyani naye ana lugha yake. Akiinua nyusi hadi kope zake zilizopauka zionekane, anatoa onyo; na mwayo unaofichua chonge mbele ya mpinzani si wa usingizi. Kumkodolea macho, kama watoto wapendavyo, ni kumchokoza. Hali kadhalika kwa tumbili, wale wanaofukuzwa kila msimu katika mashamba ya mahindi.

Kosa la kusoma sura hizi lina gharama. Watazamaji wanaodhani mnyama anafurahi humsogelea na kumkenulia meno, naye huzidi kuogopa. Asipopata pa kukimbilia, huuma, na mkono uliopenyezwa katikati ya nyaya huwa ndio ulio karibu. Mwalimu anayeongoza ziara afadhali awaonye wanafunzi kabla hawajashuka basini: wasimkazie macho, wasimkenulie meno, na wakiona midomo imevutwa nyuma, warudi hatua chache.