Nyutrino za Anga za Mbali na Fumbo la Maada ya Giza

Istilahi "maada ya giza" ina walakini. Kitu cheusi huzuia nuru, ilhali maada hii huipitisha kana kwamba haipo. Kuwepo kwake hudhihirika kwa mvutano wake tu. Mwaka wa 1933, Fritz Zwicky alibaini kwamba galaksi za kishada cha Coma zilikwenda kwa kasi kubwa mno. Mvutano wa nyota zilizoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Leo inakadiriwa kuwa maada hii inaizidi ile ya kawaida takriban mara tano. Lisilojulikana ni iwapo, mbali na kuvuta, inaathiriana kwa namna yoyote na chembe nyingine.

Hapa ndipo nyutrino inapofaa. Chembe hii haina chaji ya umeme, masi yake ni ndogo mno, na aghalabu hupenya vitu bila kugusana na chochote. Ili kuinasa, wanasayansi waliigeuza barafu ya Ncha ya Kusini kuwa chombo: mtambo wa IceCube, uliokamilika mwaka wa 2010, una vihisi 5,160 vya nuru vilivyozamishwa barafuni kuanzia kina cha mita 1,450. Mara chache nyutrino inapogonga kiini cha atomu, huzuka nuru hafifu ya samawati, na kwayo hukadiriwa nishati ya chembe hiyo na upande ilikotoka.

Tarehe 22 Septemba 2017 ilinaswa nyutrino moja yenye nishati ya takriban elektroni-volti trilioni 290. Ilitokea upande wa galaksi TXS 0506+056, ambayo nuru yake husafiri karibu miaka bilioni nne kabla ya kufika duniani. Hoja ya wanafizikia ni nyepesi, na uzuri wake umo katika wepesi huo: lau maada ya giza ingekuwa ikigongana na nyutrino kwa wingi, chembe hiyo ingepoteza nishati au kupotoshwa njia. Kufika kwake, basi, ni ushahidi kwamba uwezekano wa mgongano hauzidi kiwango fulani. Kikomo hicho hubana zaidi ikichukuliwa kwamba maada ya giza imesongamana kandokando ya shimo jeusi lililo kitovuni mwa galaksi, ingawa msongamano huo ni dhana tu.

Hata hivyo, nyutrino moja ni shahidi mmoja, na huenda ilitoka kwingineko. Ndiyo maana tangazo la Novemba 2022 lilikuwa na uzito: takriban nyutrino 79 kutoka galaksi NGC 1068, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 47. Kwa idadi hiyo, mgawanyo wa nishati pia waweza kuchunguzwa. Ugumu uliopo ni kukadiria galaksi hiyo ilitoa nyutrino ngapi hapo awali, kwani bila hesabu hiyo upungufu wowote hauwezi kubainika.